Doa Jeusi Kinywani: Maswali Tunayoulizwa Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya yametoka kwenye benchi la kusubiria, mengine sokoni Mwanjelwa nikiwa nanunua viazi. Mtu akishajua kwamba unatibu meno, atafungua mdomo hata kwenye foleni ya benki. Nimeyaandika majibu kama ninavyowajibu wagonjwa wenyewe. Daktari mwenzangu akiona nimeruka jambo, ajue nimemwachia mtu wa maabara.

Fizi zangu ni nyeusi tangu nikiwa mtoto. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Rangi hiyo inaitwa melanini, ileile inayotia ngozi yako rangi. Inatengenezwa na seli zinazoitwa melanosaiti, ambazo zimekaa chini kabisa ya tabaka la juu la utando wa kinywa. Mzungu naye anazo, tena idadi haipishani sana na ya kwako, ila za kwake zinafanya kazi kivivu.

Rangi ya asili ina tabia zake. Inafanana kulia na kushoto. Inapenda ufizi ulioshikamana na mfupa, na mara nyingi inakoma pale ufizi mgumu unapokutana na utando laini mwekundu, utadhani mtu amepiga mstari. Ufizi wenyewe unabaki na vishimo vidogovidogo kama ganda la chungwa, hauumi wala hautoi damu. Wengine wanayo pia kwenye mashavu kwa ndani na kwenye kaakaa, na wengine wana vidoti vyeusi kwenye ncha ya ulimi. Akifungua mdomo kaka yako, au mama yako, huenda ukakuta ramani hiyohiyo.

Kwa hiyo swali ninalomuuliza mgonjwa kwanza ni lini doa lilianza, rangi yake nitaiangalia baadaye. Anayejibu "nimezaliwa nalo" ninamchunguza bila wasiwasi. Anayesema "tangu mwezi wa tatu, baada ya Pasaka" ninamvutia kiti.

Nitajuaje kama doa ni jipya? Huwa siangalii kinywa changu.

Ndiyo tabu yenyewe. Watu wengi wanaliona doa siku wanapougua jino, halafu wanaamini limeota usiku huo.

Fanya hivi leo. Nawa mikono, simama dirishani mchana, maana mwanga wa jua unaonyesha rangi vizuri kuliko taa. Chukua kijiko cha chai, tumia mpini wake kuvuta shavu. Angalia shavu la kulia, la kushoto, fizi za juu na za chini, mdomo kwa ndani. Toa ulimi, uinue uguse kaakaa, tazama chini yake. Mwisho inamisha kichwa nyuma uangalie kaakaa lenyewe, hapo utahitaji mtu wa kukusaidia. Ukikuta doa, mwambie apige picha kwa simu, na pembeni ya doa aweke kitu chenye ukubwa unaojulikana. Kipande cha rula ya shule kilichooshwa kinatosha. Tarehe simu itaiweka yenyewe. Baada ya wiki mbili piga nyingine, mahali palepale, mwanga uleule.

Picha mbili za namna hiyo zinanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Na ile mishipa ya bluu iliyojipinda chini ya ulimi wa babu au bibi ni mishipa ya damu iliyolegea kwa umri. Iacheni.

Doa langu ni la kijivu, liko jirani na jino lililozibwa. Linahusiana?

Inawezekana sana. Zebaki ikichanganywa na fedha, bati na shaba ndiyo inatengeneza ule ujazo wa rangi ya fedha uliozibia meno ya wengi wetu. Wakati wa kuziba, au wakati jino lile linapong'olewa, vumbi lake linaweza kuingia kwenye ufizi uliochubuka na kubaki humo. Matokeo yake ni doa la kijivu au bluu-nyeusi, bapa, lisilouma, linalokaa miaka. Picha ya eksirei ikionyesha chembe nyeupe za madini chini ya doa, kesi imekwisha, hakuna cha kukata. Chembe zikiwa ndogo mno hazionekani, na hapo tunarudi kwenye historia: ujazo upo, doa liko pembeni yake, halikui. Mashaka yakibaki, tunachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha doa cha kupimwa maabara.

Ndugu yake ni doa la penseli. Mwalimu mmoja aliniletea mwanafunzi wa darasa la sita mwenye nukta nyeusi kwenye kaakaa, ameshaandikiwa barua ya rufaa na mama analia. Nilimuuliza mtoto kama aliwahi kuanguka na penseli mdomoni. Akamtazama mama yake kwanza, ndipo akakiri: darasa la pili, walikuwa wanakimbizana.

Mtoto wangu wa miezi saba ana kivimbe cha bluu kwenye ufizi. Jirani anasema ni meno ya plastiki yang'olewe.

Mama, naomba usimpeleke popote kabla hujasoma jibu hili.

Jino linapokaribia kutoka, kimiminika au damu kidogo huweza kujaa kwenye kifuko kilicho juu yake, ufizi ukavimba na kuwa bluu au zambarau iliyokolea. Uvimbe huo unatisha kwa macho, lakini jino likitoboa, uvimbe unapasuka wenyewe na kuisha. Hauhitaji dawa.

Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto, hasa chonge, ambavyo bado ni laini na vyeupe kwa sababu havijakomaa. Kuharisha na homa anavyopata mtoto wa umri huo vina sababu nyingine, mara nyingi kile anachookota na kutia mdomoni. Anayeving'oa kwa spoki ya baiskeli au kisu anafungua kidonda kwa mtoto mwenye damu kidogo. Nimewaona walioletwa wamepauka kama karatasi, na nimewaona waliokua na chonge za ukubwani zimeota vibaya au hazikuota kabisa. Uvimbe ukiwa na usaha, au mtoto akishindwa kunyonya, mlete hospitali siku hiyohiyo.

Nina madoa ya zambarau kwenye kaakaa. Hayaumi. Nisubiri?

Usisubiri.

Kwa mikoa yetu swali hili lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016–2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza Tanzania Bara. Doa la zambarau, jekundu-bluu au jeusi lenye wekundu kwenye kaakaa au ufizi linaweza kuwa saratani ya Kaposi. Jina ni la Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeielezea mwaka 1872. Kirusi kinachoisababisha, cha jamii ya malengelenge, kilitambuliwa mwaka 1994 tu. Inaanza bapa, kama mchubuko wa mfupa wa samaki. Baadaye inanyanyuka, inakuwa kinundu, inaweza kutoa damu na kulegeza meno. Wapo ambao dalili ya kwanza ya VVU ilikuwa kinywani, kabla ya kukonda, kabla ya kukohoa.

Doa hilo lina kipimo kimoja cha haraka ambacho mgonjwa anaweza kukiona kwa macho yake. Tunachukua kipande cha kioo safi, kile cha darubini, tunalibonyeza nacho. Kama rangi ni ya damu inayotembea ndani ya mishipa, kama alama za kuzaliwa za mishipa, doa linapauka chini ya kioo na rangi inarudi ukiachia. Kama ni melanini, au madini, au damu iliyovia nje ya mishipa, haliondoki. Kaposi kwa kawaida haipauki vizuri, kwa hiyo kioo peke yake hakitoi hukumu. Kipimo cha VVU na kinyama ndivyo vinavyoamua.

Na inatibika. Wengi Kaposi inarudi nyuma wakianza ARV, dawa za kufubaza VVU, na kuzimeza bila kuruka. Iliyoenea inaongezewa dawa za saratani. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoficha doa wakiogopa kupimwa, wanakuja doa likiwa na ukubwa wa kitumbua.

Tayari natumia ARV na kinywa kimeanza kuwa na mabaka ya kahawia. Niache dawa?

Usiache hata siku moja. Zidovudini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la AZT, inaweza kuleta weusi kinywani na mistari myeusi kwenye kucha. Weusi huo hauna madhara. VVU vyenyewe pia vinaweza kuleta madoa kama hayo. Nenda CTC yako, yaani kliniki unakochukulia dawa za VVU, waonyeshe. Kama ni dawa wataamua wao, kama ni kitu kingine watakuleta kwetu.

Dawa gani nyingine zinaleta weusi?

Klorokwini na ndugu zake huweka rangi ya kijivu-bluu kwenye kaakaa, lakini kwa anayezitumia muda mrefu. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na dawa mseto ya sasa haina tabia hiyo. Anayeweza kupata ni mgonjwa wa baridi yabisi au lupasi anayemeza haidroksiklorokwini miaka na miaka. Imatinibu, ya saratani ya damu, inafanya kaakaa kuwa bluu-kijivu. Klofazimini ya ukoma inageuza rangi ya ngozi. Njoo na maboksi yote ya dawa, pamoja na zile za kienyeji za kwenye chupa ya Konyagi. Hakuna atakayekucheka.

Dawa moja naomba nilalamike. Ile ya rangi ya zambarau ya kupaka fangasi inapakwa kwenye kila kitu. Mgonjwa anakuja mdomo mzima zambarau, na mimi natakiwa kutafuta doa la zambarau. Kama unakuja kuchunguzwa, siku mbili tatu kabla usipake kitu.

Navuta sigara. Fizi za mbele zimekuwa nyeusi.

Moshi unazichochea melanosaiti. Kwa mvuta sigara weusi unapenda ufizi wa mbele, hasa wa chini. Kwa mzee wa kiko, kaakaa na mashavu. Ukiacha, unapungua taratibu, miezi hadi miaka kama mitatu. Weusi wenyewe si saratani. Kinachonitia hofu ni kitakachoota pembeni yake: baka jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili. Ugoro unaowekwa kwenye mdomo wa chini umo kwenye hesabu hiyo, hata kama hauna moshi.

Ulanzi, pombe ya mianzi, hauhusiki na rangi. Nimeulizwa Iringa zaidi ya mara moja.

Nachoma dhahabu Chunya. Kuna mstari wa bluu kwenye ukingo wa fizi.

Mstari mwembamba wa bluu-nyeusi unaofuata ukingo wa ufizi, hasa kwa mtu mwenye ugaga mwingi wa meno, ni alama ya madini mazito. Unaojulikana zaidi ni wa madini ya risasi: bakteria wa kinywani wanatoa salfa, inaungana na risasi iliyo kwenye damu, inabaki mstari. Henry Burton aliuandika mwaka 1840, London. Siku hizi tungeutafuta kwa anayeyeyusha betri za magari. Zebaki nayo, unapochoma mchanganyiko wake na dhahabu kwenye kikaango na kuvuta mvuke, huvimbisha fizi, hujaza mate, huacha ladha ya chuma na mikono ikaanza kutetemeka. Ukiwa na hayo, tatizo haliko kinywani, kinywa kimetoa taarifa tu. Mwambie daktari kazi yako kwa jina lake. "Mkulima" haitanisaidia kama mchana unachoma zebaki. Na usiichomee jikoni wanapolala watoto.

Mwili wangu wote unazidi kuwa mweusi, kinywa nacho, halafu sina nguvu.

Hili ni la daktari wa magonjwa ya ndani, tena mapema. Tezi mbili zinazokaa juu ya figo zikishindwa kazi, ubongo unatuma kichocheo kwa wingi kuziamsha, na kichocheo hichohicho kinaziamsha melanosaiti. Thomas Addison aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1855, na wagonjwa wengi wa zama zake tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Kwetu kifua kikuu bado ni mshukiwa. Dalili zake ni uchovu usioelezeka, kukonda, kizunguzungu ukisimama, hamu ya kulamba chumvi, kichefuchefu. Weusi unakolea kwenye mistari ya viganja, kwenye makovu na mashavu kwa ndani. Tatizo kwa ngozi zetu ni kwamba anayeona mabadiliko ni mke au dada, daktari anayekuona mara ya kwanza haoni kitu. Njoo na picha ya kitambulisho ya miaka iliyopita. Mgonjwa huyu akipata homa kali au akifanyiwa upasuaji bila kutambuliwa, anaweza kupoteza maisha.

Mwanangu ana vidoti vyeusi vingi kwenye midomo na mashavu kwa ndani.

Vikiwa vingi, vidogo, vimezunguka midomo, vimeingia mashavuni na labda kwenye vidole, muulize kuhusu tumbo. Ugonjwa wa kurithi wa Peutz-Jeghers huleta vidoti hivyo pamoja na vinyama vinavyoota ndani ya utumbo. Vinyama hivyo vinaweza kuufanya utumbo ujimeze wenyewe, mtoto akapata maumivu makali ya kuja na kuondoka, au damu kwenye choo. Vya midomoni hufifia ukubwani, vya mashavuni hubaki. Huyo anahitaji hospitali ya rufaa na kufuatiliwa maisha yake yote, na ndugu zake waangaliwe.

Kidoti kimoja tu, bapa, cha kahawia, kwenye mdomo wa chini, kisichobadilika, ni kitu kingine kabisa na kwa kawaida hakina neno.

Ulimi wangu umekuwa mweusi na una kama nywele.

Vinyweleo vya kawaida vya ulimi vimerefuka vikashika rangi ya chai, kahawa, tumbaku, au vimefuata dozi ya antibayotiki. Sugua ulimi kwa mswaki kila asubuhi, kunywa maji, punguza sigara.

Saratani ya weusi wenyewe, melanoma, inatokea kinywani?

Inatokea, ni nadra. Haifiki asilimia moja ya melanoma zote. Lakini msijifariji kwamba ni ugonjwa wa Wazungu wa kuota jua. Kinywani hakuna jua. Bob Marley alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mahali ambapo jua halifiki vilevile.

Kinywani inapenda kaakaa na ufizi wa juu, kwa watu wa makamo na wazee. Mwanzoni haiumi, na hapo ndipo inapotuponyoka. Ninachoogopa ni doa la upande mmoja, kingo zimechanikachanika kama ramani, rangi mchanganyiko ndani ya doa moja, kahawia hapa, nyeusi pale, kijivu au wekundu pembeni. Doa linalokua. Doa lililokuwa bapa likanyanyuka, likachubuka, likatoa damu. Meno yaliyolegea juu yake bila ugonjwa wa fizi. Tezi iliyovimba shingoni. Na chache hazina rangi kabisa.

Ipo inayofanana nayo na kututisha bure: doa jeusi linaloota shavuni na kupanuka ndani ya wiki chache, hasa kwa wanawake weusi vijana, mara nyingi baada ya kujing'ata. Linaitwa melanoakanthoma, si saratani, na huweza kufifia lenyewe. Kwa macho siwezi kuapa ni lipi kati ya hayo mawili. Hakuna anayeweza.

Kwa hiyo mnakata kinyama. Si kisu ndicho kinachosambaza saratani?

Hili naulizwa kila mara, na kwa kawaida anayeuliza ana mfano: shangazi alikatwa, miezi mitatu akafa. Shangazi alichelewa, mama. Alikatwa kwa sababu saratani ilikuwa imeshafika, na isingepimwa angekufa bila jina la ugonjwa.

Kinyama chenyewe ni hiki. Unachomwa ganzi, ileile ya kung'olea jino. Doa dogo linatolewa lote na ukingo kidogo wa utando mzima; kubwa linachukuliwa kipande, pale penye weusi zaidi au paliponyanyuka. Nyuzi mbili au tatu. Kinyama kinatumbukizwa kwenye fomalini, kwenye kichupa chenye jina lako. Hakikisha unaliona jina hilo likiandikwa, na kwamba fomu inasema doa lilitoka wapi na lilianza lini. Maabara wanakikata vipande vyembamba, wanakitia rangi, wanakisoma kwa darubini. Weusi ukiwa mwingi hadi seli hazionekani, wanausafisha kwanza. Siku ya kwanza kula vya baridi na laini, usisukutue kwa nguvu. Kesho yake anza maji ya vuguvugu yenye kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi.

Kitu kimoja hatukikati ovyo: uvimbe wa bluu unaopauka ukibonyezwa, au unaodunda. Hiyo ni mishipa ya damu. Tunapima kwanza.

Nina ualbino. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa namna yake. Kinywa chako kina melanini kidogo au hakina, hivyo doa jeusi jipya haliwezi kuitwa rangi ya asili bila kuchunguzwa. Ila mimi ningeangalia zaidi mdomo wako wa chini: mpasuko usiopona, ukavu, kigaga kinachorudi. Jua la Uyole lina baridi likakudanganya, lakini linaunguza. Kofia pana, na mafuta ya kuzuia jua hadi midomoni.

Naweza kusafisha fizi ziwe za pinki?

Zinaweza kukwanguliwa kwa kisu au kwa leza, na rangi mara nyingi inarudi. Hela hiyo mimi ningesafishia meno. Ndimu na magadi vinaunguza utando, na ukishapona unaweza kuwa mweusi zaidi ya mwanzo.

Nianzie wapi?

Kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya au ya mkoa wako. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka hapo inayohitaji zaidi huenda Muhimbili au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Njoo na picha zako za simu, dawa zako, na mtu anayekufahamu kwa miaka mingi. Kabla hujaondoka baada ya kinyama, uliza majibu yanatoka siku gani na uchukue namba ya kuulizia. Mgonjwa mmoja kutoka milima ya Makete alirudi kwangu baada ya miezi minane. Majibu yake yalikuwa yamekaa kwenye faili muda wote huo, hakuna aliyempigia naye hakuuliza. Doa lake halikuwa na neno. Alikuwa ameshauza ng'ombe wawili akijiandaa kufa.